Korido ya Hatua Sitini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Dada anasema nikiandika yanayonitia hofu huenda nitaacha kusaga meno usingizini. Yeye hulala chumba cha pili na anadai nasikika kama mtu anayetafuna changarawe. Basi naandika. La kwanza, kupiga simu. La pili, Msimamizi. La tatu, kukosea jambo lililokwisha kugongwa mhuri.

Leo nimeanza kazi ya ukarani wa takwimu katika kituo cha afya, kwenye mpango wa mazoezi ya wazee. Wazee ishirini na wanne wamepewa bangili nyeusi ya mpira inayohesabu hatua. Mara tatu kwa wiki, saa mbili asubuhi, hufungua simu zao na kufanya mazoezi na Mwalimu kwa njia ya video, kila mtu sebuleni kwake. Jioni bangili hutuma hesabu kwenye simu ya mzee, na simu hutuma kwenye kompyuta yangu. Mimi najaza jedwali, natuma vikumbusho, na katika safu ya mwisho naandika maoni. Mwanzoni mwa Mei kikao kitapitia jedwali hilo. Anayeshiriki ataendelea. Asiyeshiriki atarudisha bangili na kuondolewa darasani, maana wanaosubiri nafasi ni wengi.

Nami niko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Sijui kama kuna mtu anayehesabu hatua zangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma kijitabu cha bangili mara mbili. Haianzi kuhesabu mpaka mtu apige hatua kumi mfululizo, ili mzee akijikuna isidhani ameondoka safari. Nimepigia mstari hapo.

Jumatano, 5 Machi

Darasa langu la kwanza. Nilikaa kimya kwenye kijidirisha changu, kamera imezimwa, naandika mahudhurio.

"Shikamooni wazee wangu!" alisema Mwalimu. Ni kijana mrefu ambaye kichwa chake hukatika kwenye skrini kila anaponyoosha mikono.

"Marahaba," wakaitikia, kila mmoja kwa wakati wake, kama mvua inayoanza.

Wawili nimewakariri tayari. Mmoja ni Fundi Cherehani, anayefanya mazoezi huku futi yake ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Wa pili ni bibi mmoja mwembamba anayevaa kofia nyekundu ya kufuma, joto liwe joto, na wenzake humwita Bi Kofia.

"Mwalimu, unatuonea," alisema Fundi. "Goti langu lilistaafu kabla yangu."

"Fundi, nyanyua mguu," akasema Bi Kofia. "Hizo unazonyanyua ni nyusi."

"Na wewe Bi Kofia, hiyo kofia inafanya zoezi gani?" akauliza Mwalimu.

"Inazuia akili isitoke. Ukifika umri wangu utakuja kuniazima."

Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikatazama mlango kama kuna aliyesikia.

Jumatatu, 10 Machi

Bi Kofia: wastani wa hatua 3,100 kwa siku. Huenda sokoni kwa miguu na kurudi. Katika maoni nimeandika: "Vizuri sana."

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Hesabu za wote zimeshuka, isipokuwa za Fundi.

"Tangu juzi sijatia mguu nje," alisema asubuhi. "Jana nimeshona mashati sita. Jioni simu ikaniambia hongera, umetembea kilomita tano."

Wakaangua kicheko. Mimi nikaona ni unyenyekevu wake, nikamwandikia: "Mfano wa kuigwa."

Ijumaa, 21 Machi

Kuna jambo kwa Bi Kofia. Jumatatu hatua 2,900. Jumanne 410. Tangu hapo hazijafika mia tatu. Darasani anafika lakini amechelewa, simu ameiegemeza vibaya, tunaona kofia na dari tu. Mara mbili ametoka katikati ya zoezi.

Ilikuwa nimpigie simu. Nilinyanyua mkono wa simu, nikausikiliza mlio wake, nikaurudisha. Nikamtumia kikumbusho cha kompyuta: "Habari Bibi! Leo umepumzika vya kutosha. Nyanyuka utembee kidogo!"

Jumatatu, 24 Machi

Bi Kofia amejibu kwa ujumbe wa sauti. Anahema.

"Mwanangu karani, nimeupata ujumbe wako, asante kwa kunikumbuka. Ila kutembea natembea, tena sana. Miguu inawaka moto. Haya, kazi njema."

Jana hatua zake zilikuwa 188.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Kikumbusho cha pili kimekwenda kwa Bi Kofia.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Bi Kofia, 203.

Jumatano, 2 Aprili

"Bi Kofia, uko salama?" aliuliza Mwalimu leo, maana alirudi kwenye skrini akiwa amelowa jasho kabla hata hatujaanza zoezi la pili.

"Salama salimini. Nimetoka kutembea."

"Na mvua hii?"

"Mvua iko nje, mimi niko ndani."

Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na jedwali mbele yangu. Nilifikiri: mtu mzima kabisa, anadanganya kwa tabasamu. Nyumbani nilimweleza dada. Akasema pengine bibi anaona aibu. Nikamwambia aibu haikujazi jasho. Sasa ninavyoandika naona kwamba hilo ndilo nililopaswa kujiuliza, lile jasho limetoka wapi. Lakini ni saa ya kulala.

Jumatatu, 7 Aprili

Kikumbusho cha tatu.

Alhamisi, 10 Aprili

Msimamizi amedai ripoti ya katikati ya msimu. Ni mama wa maneno machache, huvaa miwani yenye mnyororo, na akikusikiliza huivua, jambo linalonitisha kuliko angekemea. Nimekaa tangu asubuhi nikijaza safu ya maoni. Kwa Bi Kofia nimeandika: "Hashiriki. Anasema anatembea, takwimu zinakanusha."

Nimeisoma sentensi ile mara nne. Nakiri niliipenda.

Ijumaa, 11 Aprili

Msimamizi alisimama mezani kwangu. Niliweka kalamu chini.

"Hii ya 'takwimu zinakanusha' umeandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Nzuri. Ina nidhamu."

Ripoti imegongwa mhuri na kupelekwa kwa wafadhili. Usiku wa kuamkia leo sikusaga meno, kwa mujibu wa dada.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Paa la choo cha wafanyakazi linavuja. Bi Kofia, 176.

Jumatano, 23 Aprili

Msimamizi amenipa fomu ya kupokea bangili iliyorudishwa. Nyumba ya Bi Kofia iko karibu na njia yangu ya kurudi, amesema, hivyo kesho nipite nikaichukue ili kabla ya kikao cha tarehe 2 iwe imeshasafishwa kwa ajili ya mwingine. Nimeuliza kama siyo vizuri kumpigia kwanza. Akavua miwani.

"Umewahi kumpigia?"

"Vikumbusho vitatu, mama."

"Basi ameshajulishwa."

Alhamisi, 24 Aprili

Niandike kwa utaratibu, nisiruke kitu.

Nimefika saa kumi alasiri, viatu vimejaa maji. Ni jengo la ghorofa tatu, ngazi tu, nguo mbichi zimetundikwa kila penye msumari kwa sababu ya mvua. Bi Kofia anakaa juu kabisa. Njiani nilirudia maneno yangu: Samahani bibi, nimetumwa na kituo. Samahani bibi, ni utaratibu tu.

Juu kuna korido ndefu yenye sakafu ya saruji, milango upande mmoja, na mwisho wake dirisha. Nikabisha hodi kwenye mlango wa kwanza, uliokuwa wazi. Sauti ikajibu kutoka mbali.

"Karibu! Subiri, nageuza gari!"

Nikageuka. Kule dirishani palikuwa na kofia nyekundu. Mbele yake kiti cha magurudumu, na ndani ya kiti mzee mkubwa wa mwili, blanketi magotini, mkono wa kulia umelala kama si wake. Bi Kofia alikuwa amekishika kiti kwa mikono yote miwili, ameinama, anasukuma. Gurudumu moja lilikuwa linalia. Alikuja taratibu, hatua kwa hatua, na muda wote ule nilikuwa nautazama mkono wake wa kushoto. Bangili ilikuwa pale pale kwenye vishikio vya kiti, imetulia kama imegandishwa.

Nilielewa kabla hajanifikia. Mkono usiopunga hauhesabiwi.

"Shikamoo bibi. Shikamoo babu."

"Marahaba. Kama ni mtu wa bomba, linalovuja ni la ghorofa ya pili."

"Ni karani, bibi. Wa bangili."

Akanitazama juu hadi chini, kisha akacheka, akampiga mumewe begani. "Mzee, ndiye huyu! Ndiye anayeniambia ninyanyuke!"

"Mimi nilidhani ni mtu mzima," akasema mzee. Maneno yake yanatoka upande mmoja wa mdomo, polepole, lakini kila moja limekamilika. "Mwambie kidude chake ni kipofu."

Walinikaribisha ndani, wakanipa kitambaa cha kujifutia na chai. Mzee alikuwa mpima ardhi miaka thelathini na saba. Kiharusi kilimpata mwishoni mwa Februari, akarudishwa nyumbani tarehe 18 Machi. Ile Jumanne ya hatua 410. Ngazi hawezi kushuka, na chumbani hapendi kukaa, anasema dari amekwisha kuipima yote. Basi mkewe humsukuma hadi dirishani na kurudi, asubuhi, adhuhuri na alasiri.

"Anakataa niache," alisema Bi Kofia. "Nikikaa anauliza, mama, barabara imefungwa?"

"Kwa nini hukutuambia, bibi?"

"Fomu yenu ya kujiandikisha iliuliza kama nina mgonjwa nyumbani. Wakati ule sikuwa naye. Nikaogopa nikisema sasa ninaye mtaniondoa darasani. Na lile darasa ndiko ninakocheka." Akanywa chai. "Lakini mwanangu, nilikwambia natembea. Ulinipigia lini ukaniuliza natembea wapi?"

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningevumilia.

Mzee akaninyooshea mkono wa kushoto. Ulikuwa na daftari dogo la miraba. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa herufi zinazotetemeka: "Mlango hadi dirisha, hatua 62 (zake). Zangu zingekuwa 51." Chini yake, siku baada ya siku, mistari mifupi, mmoja kwa kila kwenda na kurudi. Siku ya kwanza saba. Wiki ya pili kumi na tano. Jana ishirini. Nikapiga hesabu kwa kalamu, kisha kwa simu, kisha tena kwa kalamu. Ishirini mara mia moja ishirini na nne. Hatua 2,480. Kwa siku hiyo hiyo jedwali langu linasema 191.

"Tujaribu," alisema mzee. "Kipimo bila majaribio ni uvumi."

Tukatoka koridoni. Bangili ilisomeka 118. Bi Kofia akasukuma hadi dirishani, mimi pembeni nikihesabu kwa sauti, mzee akihesabu kwa midomo. Sitini na mbili sote. Bangili: 118. Nikamwomba Bi Kofia aivue, nikapiga magoti na kuiingiza ndani ya soksi yake, juu ya kifundo cha mguu. Tukarudi mlangoni. Bangili: 179.

"Sitini na moja," alisema mzee. "Moja imekula."

Walicheka mpaka jirani akachungulia. Wakati huo fomu ya kuchukua bangili ilikuwa kwenye begi langu, na kalamu.

"Kwani ulikuja kwa lipi hasa?" aliuliza Bi Kofia.

"Kuwasalimu," nilisema.

Sikuichukua. Imebaki kwenye soksi. Mzee amenikopesha daftari kwa sharti kwamba lirudi Jumatatu, na ameanza kuweka mistari nyuma ya kalenda.

Ijumaa, 25 Aprili

Sijamwambia Msimamizi.

Leo darasani nilimwangalia Fundi. Alipokuwa anapumzika alichukua shati akaanza kulishona kwa mkono, sindano inakwenda juu, inarudi chini, juu, chini. Bangili ikaenda nayo. "Mfano wa kuigwa."

Jumamosi, 26 Aprili

Sijamwambia. Nimeandika barua tatu za kujieleza. Ya kwanza inailaumu bangili. Ya pili inailaumu fomu. Ya tatu inailaumu mvua. Zote zimeandikwa vizuri.

Jumapili, 27 Aprili

Dada amesoma zote tatu. "Wewe uko wapi humu?" akaniuliza.

Mvua imenyesha siku nzima. Nafikiria yule bibi akisukuma, simu mfukoni inalia, anasimama kuisoma, na simu inamwambia anyanyuke. Mara tatu. Ni mimi niliyebonyeza.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemwambia.

Niliingia saa tatu na nusu na daftari la mzee ndani ya mfuko wa plastiki ili lisilowe. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuanzia lakini yalitoka kwa mpangilio mwingine: korido, kiti, soksi, sitini na moja, sindano ya Fundi. Msimamizi akavua miwani. Akalifungua daftari, akapekua ukurasa mmoja mmoja hadi mwisho. Paa la choo lilikuwa linaendelea kudondosha.

"Ripoti ilishakwenda," alisema.

"Najua, mama."

"Kwa hiyo kidude kimekosea."

Ndiyo ilikuwa njia ya kutokea, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniachia mlango wazi. Niliona ningeweza kupita nikaenda mezani kwangu.

"Hapana, mama. Kidude kimesema 191 tu. 'Hashiriki' niliandika mimi. Na alinieleza, nikaandika kwamba anadanganya."

"Hukuandika anadanganya."

"Niliandika kwa maneno mazuri."

Akavaa miwani.

"Nami niliyasifu," alisema. "Kaandike marekebisho. Ukurasa mmoja. Hayo mazuri safari hii yaache. Utasaini wewe, nami nitasaini chini yako."

Sahihi yangu imetoka kama ya mzee wa daftari.

Ijumaa, 2 Mei

Kikao. Nilikaa koridoni na karatasi za ziada ambazo hakuna aliyeziomba. Saa sita Msimamizi alitoka.

"Bi Kofia anaendelea. Bangili ikae mguuni. Na mtaalamu wa viungo atapita kwa mumewe kila Ijumaa."

"Na Fundi?"

"Naye anaendelea." Kona ya mdomo wake ilisogea. "Lakini mpigie umwambie atoke nje. Nimesema mpigie."

Nilimpigia. Safari hii mkono wa simu sikuurudisha.

"Karani! Kumbe una sauti!" alisema Fundi. Halafu akakiri kwamba alikuwa anashangaa mwenyewe jinsi alivyokuwa anatembea usingizini.

Jumatatu, 5 Mei

Nimepiga simu tano. Mvua kidogo.

Jumatano, 14 Mei

Bi Kofia, 2,390. Darasani leo simu yake ilisimama sawasawa. Pembeni ya skrini kulikuwa na mkono wa kushoto wa mtu ukinyanyuka na kushuka pamoja na wa Mwalimu.

"Bi Kofia, umeleta mgeni?" aliuliza Fundi.

"Huyu ni barabara yangu," akajibu.

Alhamisi, 22 Mei

Siku ya nne bila mvua.

Ijumaa, 23 Mei

Bi Kofia amenipigia yeye mwenyewe. "Pita leo. Mzee ana kazi na wewe."

Dirisha la mwisho wa korido lilikuwa wazi, jua limeingia hadi katikati ya sakafu. Kiti kilikuwa kitupu mlangoni. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika vishikio kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa kwa leso ili usiteleze. Mtaalamu wa viungo alikuwa amemkamata mkanda wa suruali kwa nyuma. Bi Kofia alikuwa mbele ya kiti, anatembea kinyumenyume, mikono ameitanguliza kama anayemfundisha mtoto.

"Kidude kiko soksini kwangu," alisema mzee. "Karani, shika daftari."

Nikalishika, nikaandika kwanza namba iliyokuwa kwenye bangili.

Akasukuma. Mguu wa kushoto. Akangoja. Mguu wa kulia ukaburutika, ukafika. Gurudumu likalia. Tatu. Nne. Kwenye ya sita alisimama kwa muda mrefu, jasho linamtiririka, na Bi Kofia akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, barabara imefungwa?" Akatikisa kichwa. Saba. Nane. Kwenye ya tisa goti likakataa, mtaalamu akamdaka, tukamgeuzia kiti akakaa.

Nikapiga magoti, nikaichungulia bangili. Nilishajua itasema nini. Nilipigia mstari mwenyewe siku ya pili ya kazi: hatua kumi mfululizo.

"Imesemaje?" aliuliza.

"Imeongeza sifuri, babu."

Akacheka kwa upande wake mmoja, machozi yanamshuka. "Kipofu!"

"Nimehesabu tisa," alisema Bi Kofia.

"Tisa," alisema mtaalamu.

"Tisa," nilisema.

Nimerudi ofisini kabla haijafungwa. Jedwali lina mistari ishirini na minne ya majina na mzee wa daftari hayumo. Nimelichapisha, nikachukua rula, nikaongeza mstari wa ishirini na tano kwa kalamu. Mpima ardhi, amestaafu. Hatua: 9. Kwenye nafasi ya maoni nimeandika "Nimeziona mwenyewe," nikasaini, nikaenda kuomba mhuri.